Kona niliyoacha kufagia

Ua wetu hapa Morogoro ni mita nane kwa sita, na nilikuwa naufagia kila alfajiri mpaka udongo unang'aa. Ndivyo nilivyolelewa: ua wenye majani ni wa mwanamke mvivu. Mchicha na sukuma wiki nilivipigia dawa kila baada ya wiki mbili, na bado viwavi walikula kabla yetu.

Kwa sababu ya hao viwavi nikataka vyura. Nilichimba shimo chini ya mgomba, nikazamisha beseni kubwa lililopasuka ukingo. Upande mmoja nilipanga mawe kama ngazi, maana kichura kikishindwa kupanda kinafia humo humo. Maji ya bomba niliyalaza siku mbili kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Juu nikafunga wavu wa waya wenye matundu makubwa, kwa ajili ya mwanangu aliyekuwa anatambaa.

Miezi miwili sikuona chura. Nilichofuga ni mbu. Kiswahili chetu kinawaita watoto wa mbu viluwiluwi, na wa chura viluwiluwi vilevile, kwa hiyo siku niliyomwita mume wangu kwa furaha aje kuona, nilikuwa namwonyesha malaria. Wa mbu wananing'inia juu ya maji, ukiwagusa wanajipindapinda. Wa chura ni weusi, kichwa cha mviringo na mkia. Nikawa nawachota wa mbu kwa chujio la chai kila baada ya siku mbili, wasipate muda wa kuota mabawa. Perege sikuweka, angemaliza na mayai ya chura. Baadaye kereng'ende walikuja kutaga, na watoto wao wanawinda majini kwa ukali. Wanakula na viluwiluwi wa chura, lakini kazi ya chujio ilipungua sana.

Kuhusu vyura kutokuja, beseni halikuwa tatizo. Chura hanywi kwa mdomo, anafyonza maji kwa ngozi, kwa hiyo dawa niliyopiga kwenye mchicha ilikuwa inamwingia moja kwa moja. Na mchana angejificha wapi kwenye ua uliofagiliwa kama sakafu? Niliacha dawa. Niliacha majani ya mgomba yalale yalipoanguka, nikafukia nusu ya chungu kilichovunjika, mdomo wake ukielekea kivulini.

Mama mkwe alipofika alishika ufagio kabla hajanywa chai.

"Mama, hapo naomba uache."

"Niache uchafu?"

"Ni nyumba ya vyura."

Akauliza kama nasi tumepewa hela na wazungu, kama za wale vyura wa Kihansi. Wale waliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi tu, wakapelekwa Marekani kuzalishwa. Wangu ni wa kawaida, wa mabaka ya kahawia, hawajawahi kupanda ndege.

Walikuja na masika. Usiku wa mvua kubwa nilisikia mkoromo mzito uani, nikadhani ni mlinzi wa jirani. Asubuhi nyuzi ndefu za mayai zilikuwa zimezunguka mawe kama shanga nyeusi. Baada ya wiki tano hivi, vichura vya ukubwa wa ukucha vilipanda ngazi yangu. Na jioni kumbikumbi walipotoka, vyura wakubwa wanne walijipanga chini ya taa ya barazani wakala mpaka wakashindwa kuruka. Viwavi hawajaisha, nisidanganye, ila sasa mchicha tunakula sisi kwanza.

Kitu kimoja nusura nikiharibu. Tawi la mpera lililo juu ya beseni lilikuwa na povu jeupe, kama mtu amerusha sabuni. Nimeinua ufagio nilitoe, nikaona mnyama wa kijivu ameling'ang'ania. Ni chura wa mitini: anataga ndani ya povu, na baada ya siku chache watoto wanadondoka majini.

Nyoka amekuja mara moja, mwembamba wa kijani. Sikumkaribia wala sikumpiga, akaondoka kwa njia yake. Lakini rundo la majani nililihamisha kutoka mlangoni hadi ukutani, na usiku sitoki bila tochi. Chozi na kinyonga wamekuja bila kuitwa.

Mama mkwe akija bado anafagia ua wote. Akifika kwenye mgomba anasimama, anagonga ufagio chini, anageuka.