Tangazo lilisema 21, daftari langu likasema 15

Kwenye kile kidroo cha mbele ya abiria nina daftari dogo, kila nikijaza mafuta naandika vitu vitatu tu: tarehe, kilomita zilizoko kwenye dashibodi na lita zilizoingia. Nilianza wiki ile ile niliyonunua hii gari kwa sababu tangazo lilisema inaenda kilomita 21 kwa lita moja, na mimi bajeti yangu yote ya mafuta nilikuwa nimeipanga juu ya hiyo 21. Mara ya kwanza kupima fulu kwa fulu, yaani kutoka tangi kujaa mpaka kulijaza tena, nilikuwa nimetembea kilomita 412, pampu ikasoma lita 27.6. Gawanya mwenyewe, haifiki hata 15.

Kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba nimeuziwa gari mbovu. Nikaenda kwa fundi, tukabadilisha plagi, tukabadilisha ea klina, akasafisha nozeli, akanyanyua gari na kuzungusha tairi moja moja kuangalia kama kuna breki inashika. Mwisho akaniambia "Bosi, hii gari haina ugonjwa, ndivyo inavyokula." Sikumwamini, nikaenda kwa mwingine, huyu akachomeka ile mashine ya kusoma kompyuta ya gari, hakuna kosa hata moja. Nikalipa tena. Na hapa ndipo naumia zaidi, maana najua watu wengi sana wako kwenye huu mzunguko sasa hivi, wanalipa mafundi kutafuta ugonjwa ambao haupo, kisa namba moja kwenye tangazo.

Basi nikaamua kuifuatilia hiyo 21 ilitoka wapi. Gari yangu ilipimwa kwa kipimo cha Japani kinaitwa JC08, kabla hawajaanza kuhamia kwenye kipimo kipya mwaka 2018. Gari inawekwa juu ya rola ndani ya maabara, magurudumu yanazunguka lakini gari yenyewe haiendi popote, dereva anaangalia skrini ina mstari unaomwonyesha sekunde hii spidi iwe ngapi na yeye anaufuata. Jaribio lote ni dakika 20, kilomita 8 na kidogo, spidi ya wastani ni kilomita 24 kwa saa na ya juu kabisa haifiki 82. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna kilima, hakuna upepo wa mbele, hakuna watoto watatu na mabegi kwenye buti. Mimi nikitoka asubuhi kiyoyozi kinawaka tangu geti linafunguliwa, na nikishika barabara kuu spidi 82 naipita dakika ya kwanza. Kwa hiyo 21 ilikuwa namba ya kweli kabisa, imepimwa vizuri, ila imepimwa kwenye safari ambayo mimi sijawahi kuiendesha hata siku moja.

Ulaya walikuwa na chao, NEDC, na chenyewe kilikuwa kipole kupita kiasi. Dakika 20, kilomita 11, na kuna sehemu gari inatakiwa itoke sifuri mpaka 50 kwa sekunde 26. Jaribu leo kwenye taa zikiwaka kijani, hesabu sekunde 26 mpaka ufike 50, usikie honi za nyuma yako. Sehemu yake ya mjini ilibuniwa miaka ya 1970, magari ya wakati ule na ya leo ni vitu viwili tofauti, lakini kipimo kikaendelea kutumika mpaka 2017.

Sasa kuna jambo lilinishtua. Shirika la utafiti linaitwa ICCT lilikusanya rekodi za watu wa kawaida wanaojaza mafuta na kuandika, kama mimi na daftari langu, likazilinganisha na namba rasmi za Ulaya. Magari ya 2001 tofauti ilikuwa kama asilimia 9. Ya 2015 tofauti ikawa asilimia 42. Kipimo ni kile kile, barabara ni zile zile, kwa nini pengo liongezeke mara nne na zaidi? Jibu liko kwenye sheria. Mwaka 2009 Ulaya ilipitisha sheria kwamba wastani wa moshi wa kaboni kwa magari mapya ushuke mpaka gramu 130 kwa kilomita ifikapo 2015, ukizidisha unapigwa faini, na kaboni na mafuta ni kitu kimoja maana kila lita ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hiyo kaboni. Kwa hiyo kampuni zikawa na sababu ya pesa ya kuifanya namba ya maabara iwe ndogo, na njia rahisi kuliko kutengeneza injini bora ni kulisoma jaribio vizuri na kuiandaa gari kwa ajili ya jaribio. Upepo wa tairi unapandishwa, betri inaingia kwenye jaribio imejaa ili oltaneta, ile inayochaji betri kwa nguvu ya injini, isifanye kazi, gari inayopimwa ni ile nyepesi isiyo na vikorombwezo. Halafu kabla ya maabara kuna lile jaribio la nje, gari inakimbizwa, inawekwa nyutro, wanaangalia inachukua muda gani kupungua spidi, na matokeo hayo ndiyo yanayotumika kuipa rola ugumu wake. Ukichezea kidogo hapo, kila kitu kinachofuata kinatoka kitamu. Na mengi ya hayo yalikuwa ndani ya sheria! Hilo ndilo linalonikera, mwizi ukimkamata unampeleka mahakamani, lakini hapa hakuna wa kumkamata.

Waliovuka mstari wapo pia. Novemba 2012 Hyundai na Kia walikubali Marekani kwamba namba zao za mafuta zilikuwa juu kuliko ukweli kwa magari karibu laki tisa, wakaanza kuwafidia wenye magari. Aprili 2016 Mitsubishi walikiri walidanganya data za vigari vyao vidogo 625,000, vingine walikuwa wanawatengenezea Nissan, na kwamba njia yao ya kupima ilikuwa haifuati utaratibu tangu 1991. (Ile kesi ya Volkswagen ya 2015 watu huichanganya hapa, ile ilihusu hewa chafu za dizeli, sio ulaji wa mafuta.)

Wamarekani naona walijitahidi zaidi kuwa wakweli kwa mnunuzi. Mwaka 1985 waliona maabara inawadanganya watu, wakaanza kukata asilimia 10 kwenye namba ya mjini na asilimia 22 kwenye namba ya barabara kuu kabla ya kuibandika kwenye kioo cha gari. Kwa modeli za 2008 wakaenda mbele, wakaingiza jaribio la spidi kubwa na kukanyaga kwa nguvu, jaribio la kiyoyozi kwenye joto la nyuzi 35, na jaribio la baridi ya kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Namba zikashuka na wauzaji hawakufurahi, lakini ndio zikaanza kufanana na kile watu wanachokiona kwenye pampu.

Na ukisoma namba za maili kwa galoni angalia galoni ni ya nani. Maili 40 kwa galoni ya Marekani ni kilomita 17 kwa lita, maili 40 kwa galoni ya Uingereza ni kilomita 14 tu, maana galoni ya Uingereza ni kubwa, lita 4.5 na ya Marekani 3.8. Nimeona matangazo mtandaoni mtu kachukua namba ya galoni ya nchi moja kaipigia hesabu ya galoni ya nchi nyingine.

Ulaya sasa wanatumia kipimo kinaitwa WLTP, kirefu zaidi, dakika 30, kilomita 23, spidi inafika 131. Ni bora, nakubali, ila pengo halijaisha. Na hapa ndio kuna kitu nataka kila mtu akijue: tangu 2021 magari mapya ya abiria kule lazima yawe na mita ndani yake inayorekodi mafuta yote yaliyotumika na kilomita zote zilizotembea, maisha yote ya gari. Ukweli uko ndani ya gari yenyewe, hauhitaji daftari. Machi 2024 Tume ya Ulaya ikatoa ripoti ya magari yaliyosajiliwa 2021, ya petroli yanakula karibu asilimia 24 zaidi ya namba rasmi, ya dizeli asilimia 18 zaidi. Halafu zile haibridi za kuchaji kwenye plagi, zenye injini ya mafuta na betri ya umeme pamoja, ambazo zinauzwa kwa namba nzuri kuliko zote, zinatumia mara tatu na nusu ya kile kilichoandikwa. Mara tatu na nusu jamani. Hesabu rasmi ilidhani watu watachaji kila mara na kutembea kwa umeme sehemu kubwa ya safari, kumbe mara nyingi wanaendesha kwa petroli huku wamebeba betri nzito bila chaji.

Kwa hiyo kama data ipo, kwa nini mimi mnunuzi bado naonyeshwa namba ya rola? Sitaki maabara ifutwe, inatusaidia kulinganisha gari na gari kwenye hali moja, hiyo ni kazi yake na inaifanya. Ninachotaka ni namba ya pili, pembeni yake, maandishi ya ukubwa ule ule, kwamba gari za modeli hii na injini hii barabarani zimekula kiasi hiki. Mtu anayehesabu mshahara wake mpaka mwisho wa mwezi anahitaji hiyo. Kwangu mimi, kwa kilomita 15,000 za mwaka, 21 ingekuwa lita 714 na 15 ni lita 1,000. Hizo karibu lita 286 hazikuwepo kwenye bajeti yangu, zilitoka kwenye vitu vingine vya nyumbani.

Kupima mwenyewe ni rahisi. Jaza mpaka pampu ijikate, andika kilomita, endesha kama kawaida, jaza tena mpaka ijikate, ikiwezekana pampu ile ile, gawanya kilomita kwa lita. Mara moja haitoshi, chukua angalau mara tano sita ndio uanze kuamini. Usitegemee ile namba ya ulaji wa mafuta ambayo dashibodi inakukokotolea, yangu inasema 16.1 wakati daftari linasema 14.9. Na kama umefunga tairi kubwa kuliko za kiwandani, kilomita za dashibodi zitakuwa pungufu, zirekebishe kwanza la sivyo utaona gari inakula kuliko inavyokula kweli.

Baada ya kuacha kutafuta ugonjwa nikarekebisha vile vilivyoko mikononi mwangu. Tairi zilikuwa na upepo 26 badala ya 32, nikajaza. Keria ya juu ya paa ambayo sikuwa naitumia nikaitoa. Barabara kuu nikashuka kutoka 120 mpaka 90, na hii ndiyo iliyosaidia kuliko zote, maana ukinzani wa hewa unaongezeka kwa mraba wa spidi, ukiwa 120 gari inasukuma hewa kwa nguvu ya karibu mara 1.8 ya ile ya 90. Safari fupi fupi nikaziunganisha, injini ikiwa ya baridi inakula vibaya sana dakika za mwanzo. Wastani wangu sasa ni 16.2. 21 sijaiona na siitafuti tena.

Kama na wewe unaandika, au ukianza kuandika leo, nitumie za kwako: modeli na injini, kilomita, lita, mjini au barabara kuu, kiyoyozi kinawaka au hakiwaki. Nitaziweka zote kwenye jedwali moja, ili mtu anayetaka kununua gari kama yako apate namba ya barabarani kabla hajalipa.