Daftari la magari ya zamani Malindi: Land Rover zimekamilika, Peugeot zinaendelea

Daftari hili linarekodi magari ya zamani ya Malindi ili tujue kila moja ni la mwaka gani, na fomu ya kila gari imepunguzwa. Imebaki na umbali wa ekseli kwa ekseli, namba ya chasisi na mahali ilipogongwa, aina ya springi za nyuma, kutu iko wapi, na mtindo wa namba ya usajili. Rangi imeondolewa kabisa. Grili, taa na bampa zimesukumwa chini ya ukurasa kwa sababu hivyo ndivyo vitu vya kwanza kubadilishwa. Magari haya yamefika leo kwa vipuri vya kuokoteza: Land Rover moja inaweza kuwa na uso wa Series III (toleo la tatu), milango ya Series II na injini ya dizeli ya Toyota. Kwa hiyo mwaka wa gari tunausoma kwenye mifupa, na sura inabaki ushahidi wa nyongeza.

Vifaa ni vichache: tepu ya mita 5, sumaku ndogo iliyovishwa kitambaa isikwaruze rangi, tochi, brashi laini na chaki. Namba iliyofifia husuguliwa chaki, kisha ikapanguswa kwa kiganja. Unga hubaki kwenye mashimo na tarakimu zikasomeka. Msasa hapana. Namba ya chasisi inayoonekana imesuguliwa itamtia mwenye gari matatani siku ya ukaguzi.

Kupima: gari likae tambarare, magurudumu ya mbele yanyooke, tepu itoke katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele mpaka katikati ya habu ya nyuma, na upime pande zote mbili. Pande zikipishana zaidi ya sentimita moja, tazama kwanza boliti ya katikati ya springi za majani. Ikikatika, ekseli hujongea na upande mmoja ukawa mrefu. Ikiwa nzima, chasisi imepinda au iliwahi kuungwa.

Land Rover

Series I ilianza 1948 na inchi 80 (milimita 2,032). Mwaka 1954 zikaja za inchi 86 na 107, kisha 88 na 109, na vipimo hivyo viwili vya mwisho vikaendelea mpaka Series III ilipokoma 1985. Kwa hiyo 80, 86 na 107 zinajitaja zenyewe. Taabu iko kwenye 88 na 109, kwa kuwa hapo tepu haitenganishi kitu.

Tazama ubavu. Series I imeshuka wima kama kasha. Kuanzia Series II ya 1958, ubavu una tumbo chini ya usawa wa dirisha. Kutenganisha II na IIA (1961 hadi 1971) kwa nje tu ni kubahatisha, ila IIA za mwisho taa zake kubwa zilihamishwa kutoka karibu na grili zikapelekwa kwenye matagadi. Series III ya 1971 ina grili ya plastiki, na geji zake ziko mbele ya dereva badala ya katikati ya dashibodi. Mimi naiamini dashibodi kuliko grili. Grili ni skrubu chache. Kuhamisha geji kwa namna ya kiwandani ni kazi nzito inayogusa ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria, na watu wachache watajisumbua hivyo.

Kwa kawaida namba ya chasisi iko mbele kulia, pale springi ya mbele inaposhikiliwa. IIA fupi (inchi 88) za petroli huanza na 241 hadi 245. Series III fupi ya petroli huanzia 901. Bahati mbaya hapo ndipo matope yanapokaa na ndipo wachomeleaji hupenda kuweka kiraka, kwa hiyo linganisha na kibati cha namba kilicho ndani ya gari. Vikipingana, andika vyote viwili wala usichague.

Kutu ya Land Rover inapotosha wageni, maana bodi ni ya aloi ya aluminiamu na huonekana safi huku chasisi ya chuma ikioza. Sumaku haishiki kwenye matagadi, na hilo ni sawa. Lakini lazima ishike kwenye ule ukuta wa chuma, hasa pale miguu ya dereva inapokaa. Isiposhika hapo, unagusa puti. Kisha tambaa chini: chasisi ni boksi lililo wazi ndani, na upepo wa kusi huleta chumvi inayoingia humo na kula kutoka ndani kwenda nje. Lami iliyopakwa nje haizuii kitu, inaficha tu. Gonga polepole kwa mpini wa bisibisi, hasa boriti ya nyuma kabisa na mikono inayotoka pembeni kushika bodi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu. Ruhusa ya kugonga iombwe kabla.

Unga mweupe chini ya milango si kutu ya kawaida. Fremu ya mlango ni chuma, ngozi yake ni aluminiamu, na maji ya chumvi yakikaa kati yao aluminiamu ndiyo inayoliwa. Rangi huvimba kwanza.

Peugeot

Ukurasa huu bado una mapengo. 404 ilitoka 1960, ina mkia wenye mapezi na gia kwenye usukani. 504 ilitoka 1968, ina taa pana zilizokatwa pembe na buti linaloshuka kidogo. 504 ziliendelea kuunganishwa Kenya mpaka 2004, kwa hiyo umri wa 504 usikisiwe kwa mazoea. Ekseli kwa ekseli, kwa milimita: 404 saluni 2,650, 504 saluni 2,740, 504 steshen wagoni 2,900, 504 pikapu 3,000.

Kipimo kizuri kiko chini. Kwenye saluni na steshen wagoni, shafti ya kwenda difu (gia ya ekseli ya nyuma) imefungwa ndani ya bomba. Ukiona shafti wazi inayozunguka, difu imetoka gari jingine, na gari hilo liandikwe hivyo. Injini ya asili ya petroli imelala digrii 45. Ya petroli ikiwa imesimama wima, ni ya kubandikwa. Hazina chasisi ya kujitegemea, kwa hiyo kutu kwenye vizingiti vya milango na pale shokamzoba za mbele zinaposhika juu ni jambo zito kuliko inavyoonekana.

404 ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. Wazee wenye nazo watakuambia hayo kabla hujauliza.

Volkswagen

Fupi tu, na ni za Beetle (kobe). Kioo cha nyuma cha duara-yai ni cha 1953 hadi 1957. Taa za mbele zilizosimama wima na bampa nene ni za modeli ya 1968 kuendelea. Inua kiti cha nyuma: betri iko kulia, na sakafu chini yake huoza kwa asidi na chumvi pamoja. Namba ya chasisi iko hapo hapo, juu ya mgongo wa katikati.

Namba za usajili na adabu

Herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi ya mwisho, ni usajili wa kabla ya mwisho wa miaka ya 1980. Inaonyesha gari liliandikishwa lini Kenya. Lilitengenezwa lini ni swali jingine. Kwenye picha namba hufunikwa. Mtu anayezunguka akipiga picha gari la mwenzake hudhaniwa dalali wa mnada, kwa hiyo shikamoo kwanza, simu baadaye. Gereji za jua kali ni bora kuliko Barabara ya Lamu, kwani magari yamesimama na fundi anajua kipi kilitoka wapi. Kisiwani Lamu magari ni machache sana, usitafute huko, anzia Mokowe, gati ya upande wa bara.

Zinazofuata ni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40. Ekseli kwa ekseli ya ile fupi ni milimita 2,285 dhidi ya 2,235 za Land Rover fupi, tofauti ya sentimita 5 tu, kwa hiyo jicho halitoshi. Bodi yake ni chuma, ukiacha paa la faibaglasi: sumaku ishike kwingine kote, na ianze kwenye kona za nyuma.