Mama Yake Yuko Wapi?

Januari 2017, Leipzig. Binti yangu ametimiza miezi sita, nikampeleka kwa daktari wa watoto kwa kipimo ambacho Wajerumani wanakiita U5. Theluji ilikuwa imegeuka barafu, na kutoka kituo cha tramu kigari cha mtoto kilinitoa jasho. Nilikuwa na lile daftari lao la manjano, ambalo kazi yake ni ileile ya kadi ya kliniki kwetu Tanga.

Dada wa mapokezi alilipokea, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Binti yangu amechukua rangi ya baba yake. Akauliza, "Mama yake yuko wapi?"

Laiti nisingeelewa! Lakini Mutter ni neno la somo la familia, katika maneno ya mwanzo kabisa niliyojifunza Dar es Salaam nikijiandaa na mtihani wa A1, ngazi ya kwanza ya Kijerumani, maana bila cheti kile nisingepata viza ya kumfuata mume wangu. Mutter, Vater, Kind. Nilikariri usiku na mchana.

"Ni mimi," nikasema.

Akataka kitambulisho. Mama Mzungu aliyenitangulia hakuombwa. Nikavua glavu, nikapekua begi la nepi huku vidole vimekufa ganzi. Mtoto akaanza kulia, na papo hapo maziwa yakanichuruzika, yakalowesha sweta. Yule dada aliliona lile doa kifuani mwangu, na bado akalisoma jina langu mara mbili.

Jioni mume wangu alisikitika, kisha akasema, "Hakuwa na nia mbaya." Ni mtu mwema, nadhani alitaka nipate usingizi. Sikupata. Mama alipopiga simu, "Mwanangu, baridi haikuonei?", nilimjibu sijambo, nimenenepa. Ningeanzia wapi, na mtaa mzima ulikuja kumpongeza kwa binti yake kuolewa Ulaya?

Baada ya hapo nikawa namwachia baba yake kumtoa mtoto. Bustanini, dukani, kwa daktari, kote yeye. Nilisingizia kichwa, na baadaye kichwa kikawa kinauma kweli. Miezi mitatu hivi nilikuwa natoka kwenda darasa la Kijerumani tu. Huko, wakati wa mapumziko, mwenzangu mmoja Mthailandi alinisimulia jinsi mwuza duka alivyomwuliza mumewe, yeye amesimama pale pale, alimnunua kwa bei gani. Alisimulia polepole, kwa Kijerumani chetu cha kubahatisha, akitafuta kila neno. Nilimshika mkono, nikamsimulia na langu. Alikuwa mtu wa kwanza kulisikia zaidi ya mume wangu.

Kipimo kilichofuata nilimpeleka mwenyewe. Ila nilitia cheti chake cha kuzaliwa ndani ya begi la nepi, tayari kukitoa.

Nepi ziliisha zamani. Binti sasa anasoma shule. Cheti kimehamia kwenye mkoba wangu, kimeanza kuchanika kwenye mikunjo.