Tulivyoifuatilia barabara yetu hadi kwenye kitabu cha bajeti

Siku mama anayetuuzia uji alipotumbukia shimoni na chupa zake mbili, mguu ukateguka, ndipo nilipoamua manung'uniko yametosha. Ilikuwa asubuhi ya masika, maji yamelifunika shimo lote. Analipita kila siku, anajua lilipo, ila usiku wa kuamkia siku hiyo lilikuwa limepanuka.

Barabara yenyewe ni fupi, mita mia nne hivi, huku kwetu Eastlands, Nairobi. Inaanzia kituo cha matatu na kuishia lango la shule ya msingi. Mimi ni katibu wa chama cha wakazi, na riziki yangu ni duka la vifaa vya ujenzi. Simenti naijua. Bajeti ya serikali sikuwa naijua hata kidogo.

Nilienda na mzee wa mtaa. Ofisi ya kwanza wakatuambia, "Mama, hiyo barabara si yetu." Ya pili wakasema vivyo hivyo. Wiki tatu zikapotelea hapo, na naamini hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti barabara za kaunti, zile kuu zikabaki kwa serikali ya taifa, na mijini kuna pia KURA, mamlaka iliyotokana na Sheria ya Barabara ya 2007. Nairobi unaweza kuvuka makutano mamoja tu ukawa umeingia barabara ya mwenye mwingine. Jirani yetu mmoja ni mpima ardhi. Akaketi nasi jioni mbili na ramani zake. Yetu ilikuwa ya kaunti. Tangu siku hiyo hatukuingia ofisi yoyote bila nakala ya ile ramani.

Kisha tukafungua makadirio ya bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makadirio hufikishwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Tuliipekua orodha ya miradi ya wadi yetu, na barabara yetu ikawa imo, kwa jina, na kiasi cha pesa mbele yake. Mwaka uliotangulia pia ilikuwemo. Mzee wa mtaa akavua miwani. "Kumbe walishatuandika," akasema, kisha akanyamaza muda mrefu.

Kuandikwa si kupewa. Hilo nililijua siku hiyo. Pesa za umma hazitoki kwenye hazina ya kaunti bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, na ofisi hiyo huchapisha ripoti kila robo mwaka. Humo utaona zilizotengwa, zilizotolewa na zilizotumika, na pengo lililo kati yake. Kaunti hungoja mgao wa taifa, na hukusanya zake kutokana na maegesho, kodi ya ardhi, leseni za biashara kama hii ninayolipia mimi. Mgao ukichelewa, mishahara haingoji. Wakandarasi wa miaka ya nyuma nao wanadai. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, lakini mradi wa mtaa mdogo ndio rahisi zaidi kuahirishwa. Niliumia kuyasoma hayo, ila sasa nilijua la kuuliza.

Tukaandika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Kifungu cha 8 kinaruhusu ombi kwa Kiingereza au Kiswahili, basi tukaandika kwa Kiswahili, ili kila aliyetia sahihi ajue ametia sahihi nini. Karani alitaka Kiingereza. Nikamwonyesha kifungu, akagonga muhuri bila neno. Hatukutakiwa kueleza sababu. Tuliomba mambo matatu: pesa zilizotolewa kwa barabara yetu, mkataba, na BQ, ile hati ya vipimo na gharama. Sheria inatoa siku 21. Zilipopita kimya, tuliandika barua ya pili, tukataja kwamba tutapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosimamia sheria hiyo. Majibu yakaja wiki iliyofuata.

BQ hiyo ndiyo iliyotuokoa. Miezi minne baadaye lori lilikuja na lami, vijana wakaanza kuziba viraka, na watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa na karatasi mkononi. Ukurasa wa pili ulisema mtaro wa zege pande zote mbili na kalvati mbili za kupitisha maji chini ya barabara, na hapakuwa na dalili ya mtaro. Barabara yetu haikuharibiwa na magari. Iliharibiwa na maji: mtaro wa zamani uliziba, maji yakakaa juu ya lami, yakapenya kwenye nyufa, udongo wa chini ukalegea, na kila gurudumu lililopita likabomoa kipande. Kiraka bila mtaro kingedumu hadi mvua ya kwanza.

Nikamwambia msimamizi wa kazi, kwa heshima, "Kaka, hapa pameandikwa mtaro." Akaniuliza karatasi nimeitoa wapi. Nikamweleza. Akapiga simu, akakaa kando karibu saa nzima, na kazi ikasimama siku mbili. Kuna majirani walionilaumu siku hizo mbili, wakisema nimefukuza maendeleo, na sikulala vizuri. Siku ya tatu wakarudi na mashine ya kuchimba.

Vuli ilipofika nilisimama mlangoni mwa duka nikitazama maji yakikimbia mtaroni, mekundu, yamebeba majani na mifuko. Jumamosi tunazisafisha kalvati kwa zamu.

Kimebaki kipande cha karibu na lango la shule, ambacho hakikuwa kwenye BQ. Barua ya kuomba kiingizwe kwenye makadirio yajayo iko tayari, na mama wa uji ndiye aliyetia sahihi wa kwanza.