Nilivyotengeneza machela ya Mama Maria

Mimi ni fundi seremala huku Rombo. Kazi zangu ni za kawaida: vitanda, milango, makabati, na majeneza, maana fundi wa kijijini hawezi kuyakwepa. Mwaka jana kamati ya liturujia ya parokia ikaniletea kazi ngeni kabisa kwangu: machela ya kubebea sanamu ya Bikira Maria siku ya somo wa parokia, yaani mtakatifu msimamizi wake. Somo wetu ni Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, tarehe 15 Agosti. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, kwa sababu parokia za milimani ni nyingi na katika nyingi sanamu hubebwa watu wakiwa roho mkononi.

Kwetu ilikuwa inabebwa juu ya meza. Wanaume wanne wanashika miguu ya meza, akina mama wawili wanatembea ubavuni wakiishikilia sanamu kiunoni isianguke. Watu wanasali Rozari huku macho yote yako kwenye meza. Sidhani kama kuna aliyewahi kulitafakari fumbo hata moja kwenye ule mteremko.

Sanamu yenyewe ni ya plasta, ina uwazi ndani, urefu kama mita moja na robo. Tuliipima kwenye mzani wa mahindi, ikazidi kilo 40 kidogo. Ni Maria wa Lourdes: kanzu nyeupe, mshipi wa samawati, waridi la dhahabu juu ya kila mguu, kama msichana Bernadette alivyosimulia alichokiona pangoni huko Lourdes, Ufaransa, mwaka 1858. Wageni huuliza mbona somo ni Kupalizwa na sanamu ni ya Lourdes. Ndiyo tuliyonayo, na Mama ni yuleyule.

Plasta ina maadui wawili, maji na nguvu inayoingia kwenye kitako. Vijana walishauri tutoboe kitako tukaze bolti mbili, mambo yaishe. Nilikataa. Ukikaza bolti kwenye plasta, kila mtikisiko wa barabara unakwenda pale kwenye tundu, na ufa ukishaanza unapanda. Badala yake nilitengeneza kisanduku kisicho na mfuniko, kina cha kama shubiri moja, sanamu ikasimama humo ndani. Pande zote nne nikaacha nafasi ya vidole viwili, nikajaza vipande vya godoro, kisha kabari za mbao zilizopigwa msasa. Kabari unazisukuma kwa kiganja, usizigonge nyundo. Ukiishika sanamu mabegani na kuitikisa, inatikisika pamoja na machela nzima, haichezi peke yake. Hapo ujue imekaa.

Kwa jukwaa nilitumia mgrivea, kwa kuwa ni mwepesi na huku kwetu umejaa kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba ya nyumbani. Miti ya kubebea ni mkaratusi uliokauka vizuri. Niliifanya mifupi kuliko watu walivyotegemea, maana njia yetu ina kona kali kati ya nyua za mimea ya masale, na mti mrefu unakwama kwenye kona.

Mvutano mkubwa ulikuwa kuhusu kimo. Mimi nilitaka jukwaa lining'inie chini ya miti ya kubebea, ili uzito uwe chini na sanamu isiwe na hamu ya kupinduka. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, hawakutaka kusikia.

"Fundi, unataka kutufichia Mama katikati ya vichwa vya wanaume?" mama mwenyekiti akaniuliza, na wenzake wakacheka kwa namna ambayo unajua kabisa kura yako haipo.

Walikuwa na haki yao. Maandamano ambayo bibi aliyesimama mlangoni kwake haoni sanamu yana faida gani? Tukakubaliana jukwaa lishuke chini ya miti kwa upana wa kiganja kimoja tu. Nami nikapata langu: hakuna kijumba cha kitambaa juu ya nguzo nne. Kinapendeza kweli, lakini upepo ukishuka kutoka upande wa Mawenzi, kilele cha Kilimanjaro, kile kitambaa kinakuwa tanga la jahazi.

Siku moja nikiwa napiga randa, jirani yangu Mlokole alipita kuulizia fremu za madirisha yake. Akaitazama ile kazi. "Jirani, mtaibeba plasta mkiisujudia?" Nikamjibu kama katekista alivyotufundisha, kwamba jambo hilo lilijadiliwa na Mtaguso wa pili wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 787, na heshima inayopewa sanamu humwendea yule anayeonyeshwa na sanamu, haibaki kwenye mti wala kwenye jiwe. Hakuridhika. Lakini alinishikia upande wa pili wa ubao nikakata, na fremu zake alizipata kwa wakati.

Sasa mteremko. Kutoka kanisani hadi kigango cha chini, kanisa dogo lililo chini ya parokia yetu, njia inashuka mfululizo, halafu mnapanda tena kurudi. Machela ikiwa mabegani mwa watu wote, kwenye mteremko inalalia mbele, na sanamu ndefu ya plasta inaanza kukuinamia. Nilifikiria kuweka miguu ya kurekebisha, hata bawaba. Aliyenitatulia ni mzee mmoja wa jumuiya yetu ambaye ujanani alikuwa akishusha wagonjwa kwa machela, enzi magari hayafiki huku juu. Alisema kwa kifupi: mkishuka, wa mbele waweke begani, wa nyuma washike kwa mikono usawa wa nyonga. Mkipanda, kinyume chake. Basi. Kazi yangu ikawa kufunga mishikio ya kamba ya katani kwenye ncha za miti ili mikono isiteleze, na kuweka pima maji ndogo mbele ya kisanduku, imefichwa kwenye maua. Katekista alitembea mbele kinyumenyume akiitazama, akiinua au kushusha kiganja, nao wakimfuata.

Wabebaji niliwapanga kwa bega, sio kwa urefu wa kichwa. Niliwasimamisha ukutani karakana, nikachora ukutani alama ya chaki usawa wa bega la kila mmoja. Mtu mrefu mwenye shingo ndefu anaweza kuwa na bega la chini kuliko mfupi aliyejengeka, na ukiwapanga kwa macho utapotea. Waliolingana alama ndio waliobeba pamoja. Wanane kwa wakati mmoja, na wanane wa kupokea.

Katika mazoezi, tukiwa tumepanga mawe kwenye kisanduku, tuligundua tatizo jingine: matarumbeta. Wabebaji wakisikia mdundo, miguu yote inakwenda pamoja, mabega yote yanalala kushoto kisha kulia, na machela inaanza kuyumba. Baba Paroko akaamua kwamba kwenye mteremko matarumbeta yanyamaze, tusali Rozari tu. Pia spika ikae katikati ya msafara, sio mbele. Zamani walio mbele wakimaliza "Salamu Maria", wa nyuma bado wako "mzao wa tumbo lako".

Ni yeye pia aliyekuwa amekataa mapema ombi la kuitembeza sanamu katika maandamano ya Ekaristi mwezi Juni. Akiwepo Kristo mwenyewe katika Ekaristi, alisema, sanamu isubiri siku yake. Wapo walionung'unika. Mimi nilishukuru, kwa kuwa Juni barabara yetu bado ni tope.

Asubuhi ya sikukuu kulikuwa na ukungu na manyunyu. Plasta na manyunyu haviendi pamoja, kwa hiyo sanamu ilivalishwa nailoni angavu hadi Misa ilipoisha. Tulipotoka nje mvua ilikuwa imekatika. Matao ya migomba na masale yalikuwa yamesimamishwa njia nzima, na watoto wa Utoto Mtakatifu wako mbele na vikapu vya maua. Tuliwaomba wayatupe pembeni, siyo katikati ya njia. Petali zilizolowa chini ya viatu vya Jumapili kwenye mteremko ni hatari kuliko tope. Mtoto mmoja alisahau, akamwaga kikapu kizima chini ya mgomba kwenye kona, na mbebaji wa mbele kulia akaliruka lile fungu kama anavuka mfereji. Bega halikushuka. Tulifika chini, tukasoma Litania, tukabadilishana, tukapanda.

Kigango cha chini nao wameshaniagiza ya Mtakatifu Yosefu. Sanamu yao ni ya faibaglasi, nyepesi, mtu mmoja anaibeba kwa mkono mmoja. Hiyo tatizo lake ni upepo, kwa hiyo nimepanga kuiwekea mfuko wa mchanga ndani ya kisanduku, na kabari ziwe ndefu zaidi.