Tulivyoacha kupitisha boksi bwenini

Shule yetu ya wasichana ilikuwa na klabu tisa, na karibu kila moja ilikuwa na boksi lake. Mazingira walichangisha fedha za miche, maigizo za mavazi, na sisi wa klabu ya huduma, fedha za watoto yatima. Mtu yule yule mwenye sarafu mbili alifuatwa kitandani mara nne kwa mwezi. Nilijua kuna wasichana waliojifanya wamelala boksi likiingia. Nilijua kwa sababu mwaka wa kwanza nilikuwa mmoja wao, shuka hadi utosini, nikisikiliza sarafu za wenzangu zikilia ndani ya bati.

Basi nilipochaguliwa mweka hazina, nilimwambia mlezi wetu kwamba sitapita na boksi.

"Sasa fedha mtazitoa wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na ile aibu ya zamani tu.

Njia tuliipata kwa watu wa maigizo. Kila siku ya wazazi walicheza bure mbele ya ukumbi uliojaa watu wazima wenye mifuko. Tukawaomba wacheze, sisi tuuze tiketi. Mwenyekiti wao alikuja juu: tunataka kuvuna tusipopanda! Alikuwa na haki. Tulikubaliana robo ya mapato iende kwenye mavazi yao, na mlezi akatulazimisha tuliandike hilo kwenye tiketi yenyewe, ili anayetoa kwa ajili ya hisani ajue fedha yake inaishia wapi. Niliogopa watu wataghairi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Tiketi zilikuwa na namba, na kipande kimoja kilibaki mlangoni. Wawili walihesabu, wa tatu akaandika, na hakuna aliyetoka chumbani kabla ya wote watatu kutia sahihi. Jioni ile vipande vya mlangoni vilizidi fedha kwa tiketi kumi na moja. Nilitoka jasho. Kumbe msichana wa mlangoni alikuwa akiwapa walimu tiketi bure kwa heshima! Tuliandika "bure, walimu 11" na kufunga hesabu. Tangu siku hiyo tiketi za bure zilikuwa na rangi yake.

Matembezi ya hisani, ambayo kila mtu aliyasifia, yalituletea kidogo. Ndugu waliahidi kulipa kwa kila mzunguko wa uwanja, tukazunguka hadi miguu ikavimba. Ahadi ni deni, wanasema, lakini jaribu kumdai shangazi wa mwenzako.

Fedha zilipatikana, na hapo ndipo nilipokaribia kuharibu. Tulipanga kushona taulo za kike za kufua kwa ajili ya shule ya msingi ya jirani, tukazipeleke tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama, inayoadhimishwa tangu 2014. (Tarehe yenyewe ina maana: 28 kwa siku za mzunguko wa kawaida, mwezi wa tano kwa siku tano za hedhi.) Klabu ya ushoni ilishakubali. Nilikuwa na orodha ya vitambaa mkononi mlezi aliposema, "Mmewauliza wenyewe?"

Tulikwenda wawili. Mwalimu wa kule alitusikiliza kwa upole, kisha akauliza watazifungia kwenye nini, maana baadhi ya watoto wake hawakuwa na chupi. Akauliza watazifua kwa sabuni gani, na wataanika wapi. Taulo ya namna ile huanza kulowekwa kwenye maji baridi, kwa kuwa ya moto hugandisha doa, kisha hufuliwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa, juani ikiwezekana. Mtoto mwenye haya huificha chini ya godoro ikiwa mbichi. Swali la mwisho lilikuwa kama tungezigawa mbele ya shule nzima na kupiga picha. Nilitazama chini. Ndivyo tulivyopanga.

Tulirudi tukapunguza vitambaa karibu nusu, tukanunua chupi, sabuni na kamba za kuanikia. Ugawaji tulimwachia yeye, darasani, wavulana wakiwa nje. Wenzangu walinuna wiki nzima; picha ya ubao wa matangazo ndiyo waliyokuwa wakiingojea. Bado naamini tulifanya sawa, ingawa mwaka uliofuata walioomba kujiunga nasi walipungua.

Siku chache baadaye matroni aliniita kando akauliza kama taulo zimebaki. Nilidhani anataka kwa ajili ya shule nyingine. Alikuwa anazungumzia bweni letu, wasichana waliochana khanga kuukuu, kitanda cha tatu kutoka changu.

Tuliweka boksi kwenye chumba chake, lile lile la bati, bila mfuniko. Anayehitaji anaingia, anachukua, haandiki jina. Mweka hazina ndani yangu aliteseka kweli. Niliruhusiwa kitu kimoja tu, kuhesabu zilizobaki kila Jumamosi. Mwezi wa kwanza zilitoka sita. Mwezi wa pili zilikwisha kabla ya Jumamosi ya kwanza, ikabidi tuwarudie watu wa ushoni.