Watu Wema hawana mbawa: nilivyoandika riwaya ya vijana kutoka ngano za Ayalandi

Riwaya ina maneno 62,000 na sura 31. Mhusika mkuu ni Nóra, msichana wa miaka 17 anayeishi shambani katika kaunti ya Clare, magharibi mwa Ayalandi. Nimeiandika kwa Kiswahili, kwa wasomaji wa umri wa sekondari. Kubuni maajabu hakukunisumbua sana, kwa kuwa ngano zenyewe zimejaa. Kilichonigharimu rasimu mbili nzima ni kuwazuia viumbe wa ngano hizo wasigeuke majini mikononi mwangu.

Nianze na jina, kwa sababu kila kitu kiliharibikia hapo. Kwa Kiayalandi wanaitwa aos sí, watu wa vilima, lakini mzee wa kijijini hakuthubutu kuwataja hivyo kwa sauti. Alisema daoine maithe, yaani Watu Wema, si kwa sababu ni wema bali kwa sababu huenda wanasikia. Katika rasimu ya kwanza niliandika "majini". Neno likavuta nyuma yake dunia nzima: Qurani, waganga, pete, utajiri wa masharti ya damu. Msomaji wa Tanga au Mombasa akifika hapo anajua tayari kitakachotokea, na anachokijua hakina uhusiano na Clare. "Pepo" lilinidanganya zaidi. Pepo humwingia mtu, akapandisha, akapigiwa ngoma. Watu Wema hawaingii ndani ya mtu. Wao humchukua mtu mzima mzima, wakaacha kitu kingine kitandani. Mwelekeo ni kinyume kabisa, na hadithi yote inategemea mwelekeo huo. "Malaika" na "kibwengo" sikuvifikiria kwa muda mrefu.

Nikaamua kutafsiri ile tahadhari yenyewe. Sisi tunaijua vizuri: nyoka usiku huitwa kamba, na hakuna anayehitaji kuelezwa sababu. Kwa hiyo bibi yake Nóra husema "Watu Wema", baba yake husema "wale", na Nóra katika sura nane za kwanza hawaiti chochote. Akianza na yeye kusema "Watu Wema", msomaji anatambua kwamba ameamini, bila msimulizi kulitamka.

Kwa mahali, Kiswahili kilinipa zawadi. Ayalandi ina zaidi ya maeneo 40,000 ya ráth au lios: viwanja vya mviringo vilivyozungushiwa tuta la udongo na handaki, vingi vyake vilijengwa kati ya miaka ya 500 na 1000 kama makazi ya wakulima na ng'ombe wao. Hilo ni boma. Sikuhitaji neno lingine. Baadaye wenyeji walisahau waliojenga, wakayahesabu kuwa nyumba za Watu Wema, na hofu hiyo imeyalinda mengi yasilimwe. Boma la kawaida lina upana wa mita 30 hivi. Nilipima mita 30 kwenye uwanja wa wazi na kutembea ukingoni mwake kabla ya kuandika sura ya 5, kwa sababu rasimu ya kwanza ilikuwa na watu wakikimbizana ndani ya boma kwa kurasa tatu. Mita 30 unazimaliza kwa sekunde chache. Mbio nikazihamishia kwenye njia ya chini kwa chini iliyojengwa kwa mawe, ambayo hupatikana katika baadhi ya maboma haya. Humo mtu huinama, na kuna mahali pa kutambaa kwa tumbo. Hatari ikaongezeka na maneno yakapungua.

Chanzo changu kikuu kilikuwa mkusanyo wa ngano wa shule. Kati ya mwaka 1937 na 1939, wanafunzi wapatao 50,000 wa shule za msingi katika kaunti 26 walitumwa kuwauliza wazazi, mababu na majirani, kisha wakaandika kwenye madaftari. Kurasa hizo zimewekwa kwenye intaneti na kusomwa ni bure. Kwa mwandishi wa vijana sijui hazina iliyo bora kuliko hiyo: ni sauti ya mtoto wa miaka 12 akieleza jambo la kutisha kwa sentensi fupi, bila kupamba. Nilisoma za Clare peke yake. Ukichukua kaunti zote utapata sheria zinazopingana, na riwaya itayumba.

Humo utagundua pia kile ambacho hakimo. Watu Wema hawana mbawa. Mbawa zilitoka kwenye majukwaa na michoro ya Uingereza. Si wadogo kama kidole. Wengi wana kimo cha binadamu, hupanda farasi, hucheza mchezo wa fimbo na mpira uitwao hurling, na mara nyingi hawawezi kuucheza bila binadamu hai upande wao. Ule mgawanyo wa makundi mawili, la heri na la shari, unaojaa katika riwaya za siku hizi, ni wa Uskoti. Ayalandi ina wafalme na malkia wa mahali: Finnbheara wa Cnoc Meadha huko Galway, Áine wa kilima chake Limerick, Clíodhna wa Cork. Mamlaka yao yana mipaka kama ya chifu. Hilo lilinisaidia sana, kwa sababu Nóra angeweza kutoroka kwa kuvuka mto hadi kwa jirani asiyeelewana na aliyemteka. Wala mambo haya si ya zamani tu. Mwaka 1999 mti wa miiba wa Latoon, Clare, ulikuwa kwenye njia ya barabara kuu mpya. Msimuliaji Eddie Lenihan alipinga hadharani usikatwe, akieleza kwamba ndipo Watu Wema wa mkoa wa Munster hukutana wakienda kupigana na wa mkoa wa Connacht. Mti ukaachwa.

Masharti nilichagua matatu tu, na kila moja nililionyesha mara tatu: kwanza kama mazoea ya nyumbani ambayo hakuna anayeyaeleza, pili likivunjwa kwa hasara ndogo, tatu likiwa ufunguo. Mfano ni fód seachráin, kipande cha ardhi kinachompoteza njia anayekikanyaga, hata kama ni shamba lake mwenyewe. Dawa yake ni kuvua koti na kulivaa nje ndani. Sura ya 2 baba anarudi usiku koti likiwa limegeuzwa na hakuna anayeuliza. Sura ya 11 Nóra anazunguka kwa muda wa saa mbili kwenye konde la ekari moja. Sura ya 27 anamgeuzia mdogo wake sweta. Nilipojaribu masharti saba, kila tukio lilihitaji maelezo, na maelezo huua hofu. Sharti la kwamba hawawezi kusema uongo nililiacha: katika nilizosoma, Watu Wema hudanganya wanapotaka.

Salamu ilinipa kazi kuliko mapigano. Nóra akimwambia bibi yake "shikamoo", tumeshahama, tuko Bagamoyo. Lakini mjukuu wa Kiswahili asiyemwamkia bibi anaonekana hana adabu, na msomaji atamchukia bila sababu. Kiayalandi kina njia yake: anayeanza husema Dia dhuit, Mungu awe nawe, na anayejibu huongeza, Dia is Muire dhuit, Mungu na Maria wawe nawe. Nikaziandika kwa Kiswahili hivyo hivyo, sura baada ya sura, mpaka msomaji akazizoea kama "marahaba". Kisha sura ya 19 Nóra anamsalimu bibi jikoni, na bibi anajibu, "Na wewe pia, mjukuu wangu." Hakuna zaidi. Katika ngano jina la Mungu huwafukuza Watu Wema, na wao hawalitamki. Vivyo hivyo sifa: ukimsifu mtoto bila kusema Mungu ambariki, umemwacha wazi. Msomaji wetu aliyekua akisikia "mashallah" hahitaji tanbihi.

Majira yalinikwaza. Kwetu jua huzama mnamo saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo "giza liliingia" halina uzito wowote. Clare mwishoni mwa Oktoba jua huzama saa kumi na moja jioni. Katikati ya Juni huzama saa nne usiku. Nilitaja saa ya machweo mara nne kabla ya usiku wa Samhain, tarehe 31 Oktoba, ili msomaji ahisi mchana unavyoliwa. Samhain ni mlango mmoja wa mwaka, na Bealtaine, tarehe 1 Mei, ni wa pili. Nóra anaingia kwa mlango wa kwanza, anahesabu usiku mmoja, anatokea kwa wa pili. Awali nilitumia miaka 300, kama Oisín, shujaa wa ngano, aliyetoka Tír na nÓg, nchi ya ujana wa milele, akaanguka kutoka farasini akiwa mzee ghafla. Inapendeza katika utenzi. Katika riwaya ya vijana inamaliza kila mtu ambaye msichana angemrudia. Miezi sita inauma vizuri zaidi: amesakwa, ameliliwa, na mtihani wa kumaliza sekondari ni mwezi ujao.

Sasa mtoto wa badala. Hapa mwandishi anaweza kufanya dhambi. Ngano inasema Watu Wema huiba mtoto na kumwacha mmoja wao, mnyonge, mlaji, asiyekua. Nyuma ya ngano hiyo kulikuwa na watoto halisi, wagonjwa na wenye ulemavu, waliolazwa nje usiku au kunyweshwa maji ya lus mór, mmea ule ule wenye sumu unaotoa dawa ya moyo. Watu wazima pia hawakupona. Mwaka 1895 huko Ballyvadlea, Tipperary, Bridget Cleary, mwenye miaka 26, aliugua; mumewe Michael akashikilia kwamba huyu si mke wake, akamchoma moto, na Bridget akafa. Baadaye mume alikwenda kungoja kwenye boma la karibu, akiamini mkewe wa kweli atapita juu ya farasi mweupe. Mahakama ilimfunga kwa kuua bila kukusudia. Msomaji wa Tanzania aliyesikia habari za mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino anajua ni nini hutokea watu wakikubaliana kwamba fulani si mtu.

Katika rasimu ya kwanza Dara, mdogo wake Nóra mwenye miaka saba, alikuwa kweli amebadilishwa, na aliyeachwa kitandani alifukuzwa kwa chuma cha moto. Nilipoisoma tena niliona nimeandika ushindi wa Michael Cleary. Niliitupa, maneno kama 9,000. Katika toleo la sasa msomaji haambiwi kamwe kama aliye kitandani ni Dara au la. Nóra anakataa lus mór na chuma. Anachokubali ni kipimo cha maganda ya mayai: unachemsha maji ndani ya maganda mbele ya mtoto, na kama ni mzee aliyejigeuza, atashangaa na kutaja umri wake. Nóra anachemsha maganda 12. Mtoto anacheka, anasema, "Sijawahi kuona sufuria ndogo hivi." Sentensi hiyo niliiandika zaidi ya mara 20. Mwenye miaka elfu angeisema, na mwenye miaka saba pia. Nóra anaamua kumlisha na kumtunza kama ndugu, na ndani ya boma ulinzi huo unageuka kuwa deni upande wa pili: mtoto wao ametunzwa, nao wanadaiwa. Hakuna aliyepigwa ili hadithi isonge.

Mapenzi niliyashughulikia haraka. Mwana wa mfalme mwenye miaka elfu moja hana haki ya kumpenda msichana wa sekondari, hata awe na sura gani. Ngano zenyewe zinatoa mtu mwingine: ndani ya kilima kuna majirani waliochukuliwa, na mara nyingi ndio wanaomnong'oneza mgeni asile chakula. Wangu anaitwa Conall, alichukuliwa mwaka 1951 akiwa na miaka 17, kutoka nyumba ambayo bado iliwaka taa ya mafuta. Umeme wa vijijini Ayalandi ulikuwa umeanza kusambazwa mwaka 1946 na haukuwa umewafikia. Umri wake wa zamani niliuweka kwenye ulimi. Conall husema "motokaa", Nóra husema "gari". Maneno sita ya namna hiyo yalitosha. Kumi na tano yalimfanya kichekesho.

Mwisho nilishughulikia sauti. Kiayalandi hakisomwi kilivyoandikwa, na msomaji wa Kiswahili husoma kila herufi. Niamh hutamkwa Niiv, Oisín ni Oshiin, Samhain ni Sauin. Niliruhusu maneno saba tu ya Kiayalandi katika kitabu kizima, na kila moja linapotokea mara ya kwanza mhusika mmoja hulisikia vibaya, mwingine akamsahihisha, basi matamshi yanabaki. Kisha wasomaji wawili wa kidato cha tatu walisoma sura tatu kwa sauti, nami nikatia alama kila waliposita. Walisita zaidi kwenye jina la mhusika mkuu, ambaye wakati huo aliitwa Caoimhe, Kwiiva. Nililipenda jina hilo kuliko yote. Walilisema "Kaoimuhe", wakarudi nyuma, wakaanza upya, na katika sura ya 19, pale bibi anapojibu salamu, kusita huko kuliua ukimya wote. Siku ile ile nikalifuta mahali 1,140, nikaandika Nóra.